Bonde la Butahu: njia ya theluji ya Ruwenzori inangoja nini?

Mawingu yakifunguka asubuhi juu ya Mutwanga, mtu anayekwenda shamba la kakao anaweza kuona weupe wa theluji kwa dakika chache, kisha mlima unajifunika tena. Weupe ule uko kwenye kimo cha karibu mita 5,000. Njia ya kuufikia kwa upande wa Kongo inaanzia hapa chini, inafuata bonde la mto Butahu, inapanda msituni mpaka kwenye mawe na barafu. Ni safari ya mguu ya karibu siku sita, kwenda na kurudi. Njia ina vibanda vya kulala, ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ina watu wanaoijua kama mlango wa nyumba yao. Wageni ndio hawaonekani.

Ukiuliza sababu katika sekta ya Ruwenzori, teritware ya Beni, jibu ni fupi: vita. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi mambo. Juu ya nini? Juu ya kuwa mlima huu huu, kwa upande wake wa Uganda, ulifungwa pia kwa sababu ya waasi wale wale wa ADF, kisha ukafunguliwa, na leo unapokea wapanda mlima kutoka nchi nyingi. Basi Butahu inangoja nini? Na siku ikifunguliwa, itakuwa imebaki na nini cha kuonyesha?

Mahali penyewe

Ruwenzori siyo volkano kama Nyiragongo au Nyamulagira. Ni mwamba wa zamani sana uliosukumwa juu pembeni ya bonde la ufa, kwa urefu wa karibu kilometa 120. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Ni cha tatu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na ndicho kilele cha juu kuliko vyote katika Kongo. Mpaka wa Kongo na Uganda, uliopatanwa na wakoloni mwaka wa 1910, unapita juu kabisa, kati ya barafu.

Kwa upande wa Uganda mlima unapanda kwa mabonde marefu. Kwa upande wetu unashuka wima kuelekea bonde la Semliki, na mito yake inateremka kwa kelele. Butahu ni mmoja wa mito hiyo. Vitabu vya zamani viliandika Butagu, vingine viliandika Butawu, lakini mto ni ule ule: unatoka kwenye maziwa madogo ya juu, chini ya barafu, na kumwaga maji yake katika Semliki.

Sehemu ya juu ya bonde iko ndani ya mbuga ya Virunga, ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka wa 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka wa 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kituo cha mbuga kwa upande huu ni Mutsora, karibu na Mutwanga. Chini ya mpaka wa mbuga kuna mashamba: kakao, kahawa, mihogo, ndizi. Maji ya Butahu yanazungusha pia sentrali ndogo ya umeme iliyofunguliwa mwaka wa 2013, ambayo ilikuwa ya kwanza katika mradi wa umeme wa mbuga ya Virunga.

Siku sita mlimani

Kwa wale ambao hawajapita kule, ni vizuri kueleza safari yenyewe, maana watu wengi wa Beni na Butembo wanausikia mlima katika habari tu.

Siku ya kwanza ni ya kutoka Mutsora na kupanda kati ya mashamba, kisha kuingia msituni mpaka kibanda cha Kalonge, kwenye kimo cha karibu mita 2,100. Hapo baridi inaanza kusikika usiku, lakini mtu wa kawaida mwenye miguu mizima anafika bila shida kubwa.

Siku ya pili njia inapita katika mianzi, halafu inaingia mahali ambapo miti yote imefunikwa na manyoya ya kijani kama ndevu za mzee. Chini ni matope na mizizi. Hapa ndipo mgeni anajua faida ya muongozaji: hatua moja inashika, hatua nyingine inazama mpaka goti. Bote za mpira zinafaa kuliko viatu vya bei kali. Kibanda cha Mahangu kiko karibu mita 3,300.

Siku ya tatu ni ya kupanda mpaka Kiondo, juu ya mita 4,200. Miti inaisha, na mahali pake inakuja mimea mikubwa ya ajabu ya lobelia na senesio, ambayo sehemu nyingine za dunia inabaki midogo kama maua ya bustani, lakini huku inapita kimo cha mtu. Kutoka Kiondo mtu anaona chini Ziwa Jeusi na Ziwa la Kijani, na mbele yake, mawingu yakikubali, barafu ya mlima Stanley.

Baada ya Kiondo njia inazunguka chini ya kilele cha Wusuwameso na kufika kibanda cha mwisho, kinachoitwa Moraine, karibu na mawe yaliyoachwa na barafu. Wanaotaka Margherita wanahitaji kamba, viatu vya barafu na mazoezi. Wengine wanaishia hapo, wanaangalia, wanarudi. Kichwa kinauma kwa kukosa hewa, mvua inaweza kupiga siku zote sita, na mgonjwa anashushwa mgongoni mwa watu. Mlima huu hautaki haraka.

Historia iliyopita katika bonde hili

Watu wa Kongo wanasoma shuleni majina ya Stanley na Emin Pasha, lakini ni wachache wanaojua kwamba historia hiyo ilipita mlangoni mwao.

Mwezi wa Juni 1889, Stanley akipita katika bonde la Semliki, alimtuma luteni William Stairs ajaribu kupanda mlima. Stairs alifika kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,200, akarudi. Ni Stairs yule yule ambaye miaka miwili baadaye aliongoza msafara wa Katanga, ambamo mfalme Msiri aliuawa. Mwaka wa 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyesafiri na Emin Pasha, alipanda kwa bonde la Butahu lenyewe mpaka mita 4,063. Ndiye mgeni wa kwanza aliyeandika namna misitu ya mlima inavyobadilika, kutoka msitu mzito mpaka lobelia. Kwa muda fulani bonde hili lilionekana kuwa ndio mlango wa Ruwenzori.

Kisha mlango ukahamia upande wa pili. Mwaka wa 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, mtemi wa Abruzzi, alipanda kwa bonde la Mubuku katika Uganda na kufika kilele tarehe 18 Juni. Yeye ndiye aliyegawa majina: Margherita, la malkia wa Italia, Alexandra, la malkia wa Uingereza, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Hakuna hata kilele kimoja kikubwa kilichopewa jina la mtu aliyebeba mizigo.

Wabelgiji walirudi upande wa Kongo mwaka wa 1932, kwa msafara wa wataalamu ulioongozwa na Xavier de Grunne. Walichunguza mawe, mimea na barafu, na walipanda vilele vya upande huu, kimoja wakakiita Albert kwa jina la mfalme wao. Baada ya msafara huo njia ya Butahu ilitengenezwa na vibanda vikajengwa. Mutwanga ikapata hoteli ya watalii. De Grunne mwenyewe alikufa mwaka wa 1944 katika kambi ya Wanazi.

Kati ya vibanda vya juu kuna mahali panapoitwa Kampi ya Chupa, kwa sababu ya chupa zilizoachwa pale na wapanda mlima wa zamani. Ni jina la Kiswahili, na linafundisha jambo. Wageni walipatia vilele majina ya wafalme, lakini mahali pa kupumzika, pa kulala, pa kuteka maji, majina yalitolewa na watu waliokuwa wanabeba mizigo na kupika.

Na kabla ya majina hayo yote, kulikuwa na jina la wenyeji. Katika lugha ya Wanande wa huku na Wakonzo wa Uganda, ambao ni ndugu wa asili moja, theluji ni nzururu. Kutoka hapo linatoka jina Rwenzururu, mlima wa theluji, ambalo wageni walilisikia vibaya na kuliandika Ruwenzori. Wazee walisema kwamba juu kule, katika weupe, anakaa Kitasamba, roho mkubwa wa mlima, na mtu hapandi bila heshima. Mgeni akitembezwa bonde hili bila kusikia jina hilo, ametembea nusu ya njia.

Namna njia ilivyofungwa

Njia ya Butahu imefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu uhuru. Kipindi cha sasa kina mizizi katika miaka ya 1990, wakati waasi wa ADF kutoka Uganda walipojificha katika milima hii. Walivuka mpaka mwezi wa Novemba 1996 na kushambulia Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi. Tangu hapo mlima ulikuwa maficho ya watu wenye silaha.

Katika miaka ya 2010 kulikuwa na tumaini. Mbuga ilipokea tena watalii, vibanda vya Ruwenzori vikatengenezwa, na vikundi vidogo vilipanda kutoka Mutsora. Lakini tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yalianza kuzunguka Beni, na hayajaisha mpaka leo. Mwaka wa 2018 yalikuja mambo mawili pamoja: mwezi wa Mei mlinzi wa mbuga aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa karibu na Goma, na Virunga yote ikafunga milango kwa wageni, halafu mwezi wa Agosti ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, ukaua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kabla ya kuisha mwaka wa 2020. Mbuga ilifungua tena mwanzoni mwa 2019, lakini mwezi wa Machi 2020 korona ikafunga kila kitu.

Kwa bonde la Butahu pigo kubwa lilikuja baadaye. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 na katika mwaka 2021, vijiji vya sekta ya Ruwenzori vyenyewe vilishambuliwa: Loselose, Mwenda, Halungupa na vingine. Watu walikimbia, kakao ikaozea mitini. Mwezi wa Mei 2021 serikali iliweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, unaoitwa état de siège, na tarehe 30 Novemba jeshi la Uganda liliingia kushirikiana na FARDC katika operesheni Shujaa. Baada ya hapo sehemu kubwa ya mashambulizi ilisogea magharibi, kuelekea Mambasa na Lubero. Kusogea siyo kuisha. Mwezi wa Juni 2023 ADF walivuka mpaka tena na kuua wanafunzi katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe, upande wa Uganda wa mlima.

Kisha ikaja Januari 2025. Goma ilianguka mikononi mwa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni kwa muda. Kwa mgeni wa mlima, maana yake ni rahisi: njia ya kusini imekatika. Mutwanga inaweza kufikiwa kutoka Beni, au kutoka Uganda kwa kupita Kasindi, basi.

Ukiyaangalia haya yote pamoja, unaona kwamba shida haikutoka kwenye vibanda vya juu. Kila mara ilitoka chini: kwenye barabara, kwenye shamba, kwenye kijiji cha pembeni ya mbuga. Barabara ya Kasindi–Beni ina karibu kilometa 80. Ma-raisi Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za kuitengeneza mwezi wa Juni 2021, pamoja na barabara nyingine. Mwanamke anayepeleka kakao Kasindi na mgeni anayetaka kuona theluji wanahitaji kitu kimoja: kufika salama.

Upande wa pili wa mlima

Uganda iliweka upande wake wa mlima kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1991. Mwaka wa 1997, ADF wakiwa mlimani, mbuga ile ilifungwa kwa wageni. Ilifunguliwa tena mwaka wa 2001, baada ya jeshi kuwatoa waasi.

Lakini usalama peke yake haukurudisha watu. Kulikuwa na mambo mengine mawili. La kwanza, wakaaji wa chini ya mlima walikuwa na shirika lao la waongozaji na wabeba mizigo tangu 1987, Rwenzori Mountaineering Services. Mlima ulipofunguliwa, kulikuwa na watu waliozoea kazi, wenye kujuana, wenye zamu na bei inayojulikana. La pili, sheria ya Uganda inasema asilimia 20 ya feza za kuingilia mbugani zirudi kwa jamii za jirani. Watu wanaweza kulalamika kwamba feza zinachelewa au zinaliwa njiani, lakini wana sheria ya kushika mkononi wakati wa kudai. Baadaye njia ya pili ilifunguliwa kupitia Kilembe, mji wa zamani wa shaba, na kampuni nyingine ikaingia.

Hali za Kongo na Uganda hazifanani, hilo kila mtu anajua. Serikali ya kule ilipigana na kundi moja upande mmoja. Huku kuna makundi mengi, na vita vya M23 vinavuta askari kusini. Hata hivyo somo linabaki. Miaka ya kufungwa inaweza kuwa miaka ya kujitayarisha, au inaweza kuwa miaka ya kusahau. Muongozaji asiyepanda miaka mitano anapoteza njia, maana mlima unaifunga kwa matope na miti iliyoanguka. Kijana ambaye baba yake alikuwa anabeba mizigo, naye hajawahi kufika Kalonge, hatajua kumfundisha mwanawe.

Barafu inaisha

Kuna jambo lingine linalokimbia wakati watu wanangoja. Mwaka wa 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa juu ya milima sita na ilifunika kilometa za mraba karibu 7. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Vipimo vya karibuni vinaonyesha kwamba barafu kubwa iliyobaki, ile ya uwanda wa Stanley, ilipoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake kati ya 2020 na 2024 peke yake, na kwamba Speke na Baker zimebaki na vipande tu. UNESCO ilionya mwaka wa 2022 kwamba barafu za urithi wa dunia katika Afrika zinaweza kuisha kabla ya 2050.

Watu wengi wa bonde wanauliza: theluji ikiisha, mto utakauka? Sentrali itasimama? Jibu la watafiti linatuliza kidogo. Waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, waliona kwamba barafu inaleta chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Maji mengine yote ni mvua, inayoshikwa na msitu na matope ya juu kama sifongo. Maana yake ni kwamba maisha ya mto wa namna hii yako zaidi katika msitu kuliko katika barafu. Anayekata miti ya mlimani kwa ajili ya makala ndiye anaugusa mto, kuliko jua linaloyeyusha theluji.

Lakini kwa biashara ya watalii hesabu ni nyingine. Kama njia ya Butahu inauzwa kwa jina la theluji tu, basi inauza kitu kinachoisha. Mtoto anayezaliwa Mutwanga mwaka huu anaweza kufika miaka 25 na kuukuta mlima mweusi. Na jina Rwenzururu, litasimama juu ya nini?

Nani anapoteza?

Kuna wanaosema kwamba kuzungumza utalii wakati watu wanalala katika kambi za wakimbizi ni mchezo wa matajiri. Hoja hiyo ina uzito. Familia iliyokimbia Halungupa haiulizi Margherita iko mita ngapi. Inauliza lini itarudi shambani. Kuna pia wanaosema mbuga imechukua mashamba ya wazazi wao, na kwamba feza za watalii zinapita juu ya vichwa vyao. Mivutano ya mipaka ya mbuga katika Beni ni ya kweli, Mayangose ikiwa mfano unaojulikana, na haitatulizwa kwa picha nzuri za lobelia.

Ila inafaa kuangalia feza ya mlima inavyotembea. Kikundi cha wageni wanne hakipandi peke yake. Kinahitaji waongozaji, walinzi wenye silaha, mpishi, na wabeba mizigo wengi kuliko wageni wenyewe, kwa sababu chakula, makala na nguo za baridi vyote vinapanda mgongoni. Unga, maharagi, mchele na samaki kavu vinanunuliwa sokoni Mutwanga. Mtu wa moto analipwa, mama wa chumba cha kulala analipwa. Ni kazi ya siku sita inayolipwa taslimu, katika miezi ambayo kakao haijaiva. Haiwezi kulisha sekta nzima, hata kidogo. Lakini kijana mwenye kazi ya mlima ana sababu moja zaidi ya kutoingia msituni na bunduki, na sababu moja zaidi ya kutaka msitu usimame.

Hasara nyingine haihesabiwi kwa feza. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini tangu mbuga iundwe, wengi wao watoto wa vijiji vya jirani. Nchi iliyolipa bei hiyo kulinda mlima inastahili kuujua.

Kuanzia chini

Hakuna wa kumshauri mtu apande leo kwa hiari yake. Ruhusa ya kupanda inatoka kwa mbuga, na usalama unaamuliwa na jeshi na mamlaka ya jimbo. Mtu anayepita pembeni yao anahatarisha maisha yake na ya wabeba mizigo wake.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji jeshi limalize kazi yake, wala hayangoji mzungu arudi. Majina ya mahali, kutoka Mutsora mpaka Moraine, na hadithi zake, yanaweza kuandikwa sasa wakati wazee waliobeba mizigo wangali hai. Redio za eneo hili zinaweza kurekodi sauti zao kwa Kinande na Kiswahili. Shule za Mutwanga, Beni na Butembo zinaweza kufundisha kwamba Stuhlmann alipita hapa mwaka wa 1891, na kwamba hakubeba mizigo yake mwenyewe. Waongozaji wanaweza kuandikwa, kukaa katika shirika moja lenye zamu na bei iliyo wazi, kabla ya mgeni wa kwanza kufika, siyo baada ya ugomvi wa kwanza. Na ugawaji wa mapato kwa vijiji unaweza kuandikwa na kutangazwa mapema, kwa namba ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Kisha, hali ikiruhusu, busara ingekuwa kuanza na sehemu fupi: Mutsora mpaka Kalonge, siku mbili, kwa wanafunzi, walimu, vikundi vya kanisa na familia za Beni na Butembo. Kalonge haihitaji kamba wala viatu vya barafu. Inahitaji miguu, koti la mvua na muongozaji. Ina msitu, ndege, mto, na historia yote iliyosimuliwa hapa juu. Hata barafu ikiisha, Kalonge itabaki. Mgeni kutoka jirani halipi kama yule wa Ulaya, lakini hakimbii kwa habari moja mbaya ya televisheni, na akirudi nyumbani anakuwa shahidi wa mlima katika mji wake.

Wanaosema tungoje amani kamili ndipo tuanze wana sababu ya kuogopa. Lakini watu wa upande wa pili wa mlima walikuwa na shirika lao miaka kumi kabla ya mlima kufungwa, na ndilo lililowapokea wageni uliporudi kufunguliwa. Hapa, siku askari wa mwisho akiondoka barabarani, swali la kwanza litakuwa: nani bado anaijua njia? Jibu lake linatayarishwa, au linapotea, katika miaka hii hii ya kungoja.